Kina cha Mandhari

Neno kina lina makao mawili katika Kiswahili. Nahodha huuliza kina cha maji kabla ya kutia nanga, na malenga hutafuta kina cha mshororo kabla ya kuufunga. Tangu nilipostaafu kufundisha na kuanza kupiga picha za mandhari, nimeliona neno hilo likijenga makao ya tatu: kina cha picha, yaani uwezo wa karatasi bapa kumfanya mtazamaji ahisi kwamba angeweza kuingia ndani yake na kutembea.

Uwanja wangu wa mazoezi ni hori la Mzinga, upande wa Kijichi, wilayani Temeke. Maji ya bahari huingia kutoka bandarini na kutambaa katikati ya mikoko, na ng'ambo yake ni Kigamboni, ambako ndiko jua huchomozea. Sihitaji almanaka kujua wakati wa kutoka nyumbani. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu mchana pale jua linapochomoza, na kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta wakati huo haupishani hata kwa saa moja mwaka mzima. Ikikaribia saa 12 alfajiri niwe nimekwisha kusimama ukingoni.

Tena niwe tayari, kwa sababu mwanga wa huku hausubiri. London, katikati ya kiangazi, utusitusi hudumu zaidi ya dakika 40 baada ya jua kutua. Dar es Salaam hudumu dakika 20 na ushei tu, kwa kuwa jua letu hupanda na kushuka karibu wima, ilhali la kwao huteleza kimshazari. Adhuhuri nayo haina msaada. Mwanzoni mwa Machi, na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua hutukaa utosini kabisa, vivuli hujificha chini ya nyayo, na mandhari yote huonekana kama imepigwa pasi. Kivuli ndicho kinachochonga umbo la kitu. Mwanga wa ubavuni, ule wa asubuhi na wa alasiri, huonyesha kila mzizi wa mkoko peke yake, upande mmoja ukiwaka na wa pili ukiwa na giza.

Kuhusu mpangilio, ushairi umenifaa kuliko kitabu chochote cha kamera. Mshororo wa ukawafi una vipande vitatu: ukwapi, utao na mwandamo. Picha ya mandhari yenye kina nayo huwa na vipande vitatu. Mbele pawe na kitu cha kushika jicho, mathalani ngalawa iliyokalia tope maji yakiwa yamekupwa. Kati pawe na njia ya kupita, kama mkondo mwembamba unaong'aa. Nyuma pawe na mwisho, kama mstari wa michu na mikoko ya ng'ambo. Ukiondoa kipande cha mbele, bahari hubaki kuwa mstari wa buluu tu.

Halafu kuna hewa. Wengi hudhani hewa haionekani, ila mpiga picha huiona kila siku. Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo hewa nyingi zaidi inavyokaa kati yake na jicho, na ndivyo rangi zake zinavyopauka na kuelekea buluu. Mikoko ya karibu ni ya kijani kibichi, ya mbali ni ya kijivu, na minazi iliyo nyuma yake ni kama imechorwa kwa moshi. Ukungu huongeza umbali huo, na vumbi la kiangazi huupaka wekundu. Baada ya mvua za vuli, hewa ikiisha kuoshwa, vitu vyote husogea karibu.

Haya ningeweza kuyajua bila kuyatamka, kama si dada yangu mkubwa. Tunaishi naye nyumba moja. Presha ya macho ilimwondolea kwanza vya pembeni, kisha vya katikati, na madaktari walimweleza kwamba kilichopotea hakirudi. Maradhi haya hupenda kufuata damu, hivyo nami hupimwa kila mwaka. Nikirudi kutoka horini huketi naye barazani, naye hataki kuambiwa kwamba picha imependeza.

"Imependeza vipi, mdogo wangu?" huuliza. "Maji yalikuwa bamvua au mafu? Kumekucha kabisa, au ndiyo kwanza kunapambazuka? Ng'ambo ulikuwa unakuona?"

Maswali yake yamenirudisha shuleni. Nimelazimika kutenganisha alfajiri na mapambazuko, mapambazuko na macheo. Mwanga ambao ndio kitu chenyewe, mwangaza ambao ni wingi wake, na nuru ambayo mara nyingi tunaihifadhi kwa uso wa mtu na kwa mambo ya roho. Siku nikipata neno halisi hunyamaza kidogo, kisha hunieleza kitu ambacho mimi sikukipiga: harufu ya tope, au kelele za ndege wa saa ile. Hapo najua ameingia ndani ya picha.

Lugha yetu imebeba elimu hii tangu zamani. Tukisema mchana kutwa tunamaanisha hadi jua litue, na usiku kucha ni hadi kupambazuke. Tumepima muda kwa mwanga. Mfaransa Nicéphore Niépce, alipopata picha yake maarufu ya kutokea dirishani mnamo 1826 au 1827, aliacha kifaa chake wazi kwa saa nyingi mno, hata jua likaangaza kuta za pande mbili zinazotazamana. Mandhari ya kwanza kuhifadhiwa kwa kamera haikuonyesha asubuhi wala jioni. Kiswahili kina jina lake: picha ya mchana kutwa.

Wajukuu zangu wana simu zenye kamera kali kuliko yangu, lakini kwao siku ina asubuhi, mchana na jioni tu, na kinachobaki hukiita kwa Kiingereza. Hori nalo linabadilika. Mikoko hukatwa kwa kuni na nguzo, na paa za mabati zinasogelea maji. Picha zangu zitaonyesha palivyokuwa, ila picha haitamki jina la saa yake. Kwa hiyo nyuma ya kila moja naandika tarehe, hali ya maji na neno la mwanga. Daftari la maneno hayo bado ni jembamba. Wewe msomaji wa Mafia, Lamu au Ujiji, ukumbini kwenu wazee huuitaje ule muda jua limekwisha kuzama na uso wa mtu bado unatambulika? Niandikie. Dada yangu atauliza.