Utando Unaotetemeka

Miaka yote niliyofundisha fizikia katika shule ya sekondari, mfano wangu wa joto ulikuwa juu ya vichwa vya wanafunzi: paa la mabati. Jua likipanda, bati hupanuka, na darasa zima husikia likialika. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma habari za kitu kisichofuata mkondo huo, nacho ni grafini.

Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Miaka ya 1930 Landau na Peierls walionyesha kwa hesabu kwamba utando wa namna hiyo haungedumu, kwa kuwa mtikisiko wa joto ungevuruga mpangilio wa atomu zake. Mwaka 2004 Andre Geim, Konstantin Novoselov na wenzao wakatangaza kwamba wameupata huko Manchester, kwa kubandua grafiti, ile ile ya penseli, kwa selotepu! Mwaka 2010 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Je, hesabu ya wazee ilikuwa na kosa? La. Ilihusu utando uliolala bapa kabisa, usioweza kuinuka wala kushuka. Grafini iliyotandazwa bila kuegemea kitu hailali hivyo. Mwaka 2007 ilionekana kwa darubini ya elektroni kuwa ina mawimbi ya kimo cha kama nanomita moja. Ukiizidishia joto mawimbi hukua, na kingo huvutwa ndani kama khanga kambani inapovimbishwa na upepo. Basi katika joto la kawaida, badala ya kupanuka, grafini husinyaa.

La ajabu zaidi ni ugumu wake. Bati bapa hujikunja mkononi, lakini lenye migongo hubeba fundi, maana huwezi kulikunja bila kulivuta pia. Na grafini haivutiki kirahisi: vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha kwamba huushinda mvuto kama mara tano ya chuma cha pua. David Nelson na Luca Peliti walikwisha kutabiri mwaka 1987 kwamba mtetemo wa joto huuongezea utando ugumu wa kukunjika. Mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Cornell, watafiti waliikata grafini kama karatasi, wakakuta ugumu huo ni maelfu ya mara kuliko wa utando bapa.

Mikono yangu nayo hutetemeka, yapata miaka mitatu sasa. Rafiki niliyemsimulia haya alifurahi mno. "Umeona, mwalimu? Kutetemeka ni nguvu!" Nilimkatalia. Kaboni haimwagi chai mbele ya wajukuu, wala sipendi sayansi igeuzwe kuwa dawa ya kufariji wazee. Nilikunja karatasi migongo migongo kama bati, nikailaza juu ya vitabu viwili, nikamwomba aweke kikombe chake juu yake. Karatasi ikakibeba. Akakitazama kitambo, kisha akauliza mawimbi ya grafini hutoka wapi pasipo na upepo.

Nikamwambia ni joto tu, lile lile la chumba tulimoketi.