Ukifika Japani, ngoja "ka"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini je, mpenzi msomaji, utafanyaje katika nchi ambayo hutambui hata kwamba umeulizwa?

Hilo ndilo linalomkabili mgeni jijini Tokyo. Chukua mfano wa stesheni ya Shinjuku, inayotajwa kuwa na abiria wengi kuliko zote duniani. Gari la moshi linasimama, milango inafunguka, nawe una sekunde chache tu za kuamua. Mwulize aliye karibu nawe: "Kono densha wa Ueno ni ikimasu ka", yaani, "Je, gari hili linakwenda Ueno?"

Siri iko katika silabi ya mwisho, "ka", inayotamkwa kama katika neno "kaka". Iondoe, na swali lote linageuka kuwa habari: gari hili linakwenda Ueno. Maneno mengine hayahami. Sisi hutanguliza "je" ili anayesikiliza ajiweke tayari. Mjapani huliweka swali mkiani. Kwa hiyo ukimkatiza kabla hajamaliza, hutajua kama alikuwa akikuuliza au akikueleza.

Katika maandishi, "ka" hutosha. Alama ya kuulizia ilitoka nchi za Magharibi na kuenea enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka wa 1868. Hata leo, swali lenye "ka" mara nyingi hufungwa kwa kiduara kidogo, ambacho ndicho kituo chao cha kawaida. Ni Januari 2022 tu ambapo mwongozo mpya wa maandishi ya serikali, uliochukua nafasi ya ule wa 1952, uliikubali alama hiyo pale inapohitajika.

Mitaani mambo ni mengine. Marafiki huiacha "ka" na kupandisha sauti: "Iku?", yaani, "Unaenda?" Usimwambie hivyo mzee, kwake tumia "Ikimasu ka". Nawe ukisikia "Sou desu ka" kwa sauti inayoshuka, usihangaike kutafuta jibu. Hapo hujaulizwa kitu. Mwenzako anasema tu, "Kumbe!"

Sasa tahadhari, msomaji. Ukiuliza, "Gari hili haliendi Ueno?" unaweza kujibiwa "Hai", yaani "Ndiyo". Usikimbilie kupanda! Maana yake ni "Ndiyo, haliendi." Mswahili hapaswi kushangaa, kwani nasi tukiulizwa "Hujala?" wengi hujibu, "Ndiyo, sijala." Anayepotea ni yule aliyezoea Kiingereza.

Tena, swali la kukana huweza kuwa ukarimu. Mwenyeji akikuambia "Tabemasen ka", neno kwa neno ni "Huli?" Kwetu lingeweza kusikika kama lawama. Kwake ni karibu ya heshima: njoo tule. Mgeni akijibu kwa ukali atakuwa amekosa chakula, na pengine urafiki pia.

Basi, ukijaliwa kufika huko, funga mdomo mpaka mwenzako amalize. Ngoja "ka", sikiliza kama sauti inapanda au inashuka, kisha ndipo ujibu. Neno lenyewe ni silabi moja tu, lakini ndilo litakalokufikisha Ueno.