Kufunga na Kuzuia

Binadamu hupenda kuhesabu kilichoingia, na aghalabu husahau kilichozuiwa kuingia. Kilichoingia huonekana kwa macho. Kilichozuiwa hakikutokea, na jambo lisilotokea ni shida kulipatia shahidi. Desturi hii ipo sokoni, ipo nyumbani, na ipo michezoni. Huonekana wazi zaidi katika mpira wa kikapu, mchezo ambao sifa ya mtu hupimwa kwa tarakimu.

Mfano mkubwa ni Wilt Chamberlain wa Marekani. Tarehe 2 Machi, 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, timu yake ya Philadelphia ilipoishinda New York kwa 169 kwa 147. Alitia mpira kapuni mara 36 katika mwendo wa mchezo, na mara 28 kwa mitupo ya adhabu. Msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 50.4 kwa kila mchezo. Alipoondoka katika ligi ya NBA mwaka 1973 aliacha jumla ya pointi 31,419. Jumla hiyo ilipitwa na Kareem Abdul-Jabbar mwaka 1984, naye akapitwa na LeBron James mwaka 2023. Lakini ile mia ya usiku mmoja, baada ya miaka zaidi ya 60, haijafikiwa. Filamu ya mchezo ule haipo. Ipo picha ya mchezaji ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa 100, na lipo daftari la waandishi wa pointi. Hayo yametosha kuihifadhi sifa yake.

Waama Chamberlain alikuwa pia mzuiaji wa kuogofya. Mkono uliotia mpira kapuni ndio uliouzuia mpira wa adui angani. Aliuzuia mara ngapi? Jumla hiyo haimo daftarini, kwa kuwa ligi ilianza kuandika mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973 hadi 1974, naye amekwisha kuondoka. Mtu ni yule yule, mkono ni ule ule, na kiwanja ni kile kile; lakini sehemu moja ya kazi yake iliandikwa, na sehemu ya pili ilikwenda na upepo.

Watu wa Bagamoyo wanalo somo hili mlangoni mwao. Mashua na ngalawa zirudipo, samaki hunadiwa ufukoni, na kila fungu hupata bei yake. Kusini ya mji, kuelekea Kaole na Mlingotini, imesimama mikoko. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, hushika tope, na huwaficha kamba na samaki wachanga mpaka wakue. Wimbi lililovunjika halinadiwi. Zamani mkoko ulipata hesabu siku ya kukatwa: hapo uliitwa boriti, ukahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, ukapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Uliposimama ukifanya kazi haukuwa na hesabu. Ulipoanguka ndipo ulipoipata.

Katika pwani hii hii, upande wa Dar es Salaam, alizaliwa Hasheem Thabeet mwaka 1987. Urefu wake ni mita 2.21. Katika miaka mitatu ya Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia mitupo 417, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote walioingia NBA mwaka huo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Nyuma yake walichaguliwa James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye walikuwa wafungaji mashuhuri. Yeye alicheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2, na mwaka 2014 mlango wa ligi ulikuwa umefungwa. Basi wapenda mchezo walimlinganisha na hao wawili, wakamwita hasara.

Haki haidai kwamba mtu asifiwe kwa asilolitenda. Katika ligi ile ya miamba hata kuzuia kwake kulipungua, na kusema vingine ni kumdanganya yeye na wasomaji. Lakini haki haikubali pia kwamba kijana aliyeitwa kwa ajili ya kuzuia ahukumiwe kwa pointi peke yake, wala kwamba mitupo 417 ifutwe kwa sababu haikuongeza kitu katika ubao wa matokeo. Mitupo ile ilikuwa ya kweli, na mikono iliyoitupa iliijua.

Duniani wafungaji ni wachache na wazuiaji ni wengi. Yupo mlinzi ambaye nyumba aliyoilinda haikuibiwa, akaonekana kama aliyekaa bure. Yupo mama aliyeizuia njaa isivuke kizingiti, na watoto wakakua bila kujua kwamba ilibisha hodi. Kabla ya kusema kwamba mtu hakufunga kitu, yafaa iulizwe kwanza ni nini kingalipita kama yeye asingalisimama pale.