Nusu Inchi Isiyo Nusu Inchi

Katika lugha ya mafundi hakuna jina linalonishangaza kama “bomba la nusu inchi”. Lipime kwa rula, pale kwenye ncha iliyochongwa hesi: upana wake wakaribia milimita 21, yaani zaidi ya robo tatu ya inchi. Hiyo nusu ilikuwa ya tundu la ndani la mabomba ya chuma ya kale. Tundu likabadilika, jina likabaki. Wanaisimu mtanielewa.

Hesi ni ule mfuo unaozunguka kama ngazi ya mnara kwenye parafujo, bolti au ncha ya bomba. Wengi husema “uzi”, nami sina ugomvi nao. Lakini fundi bomba huzungushia uzi wa katani juu ya hesi ili maji yasivuje, na pembe ya hesi nayo hupimwa kwa nyuzi. Uzi juu ya uzi wenye nyuzi 55! Hapo mimi nachagua hesi.

Hizo 55 ni za Joseph Whitworth wa Uingereza, aliyependekeza kipimo chake mwaka 1841. Mwaka 1864, huko Philadelphia, William Sellers akapendekeza 60, pembe iliyo rahisi zaidi kuichonga na kuipima. Mabomba yetu yalimfuata Mwingereza. Ya Marekani yana 60.

Tofauti ya nyuzi 5 ilitosha kumvunjia mtu heshima. Kijijini kwetu ililetwa pampu ndogo kutoka Marekani, na mzee mmoja, fundi wa miaka mingi, akaiunganisha na bomba la nusu inchi. Pande zote mbili zilikuwa na hesi 14 katika kila inchi, basi zikaingiana bila ubishi. Maji yakavuja. Akakaza, yakavuja; akaongeza katani, yakavuja. Shangazi zangu wakarudia kuvuta ndoo kwa kamba, na minong’ono ikaanza kwamba mkono wa mzee umechoka. Mkono haukuwa na kosa. Lilikuwa shairi lililotimiza mizani 16 kila mshororo, vina vimepotoka.

Dawa ilikuwa kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, hesi ya Marekani upande huu, ya Uingereza upande ule. Mzee alikigeuzageuza kiganjani, akaniuliza chaitwaje kwa Kiswahili. “Kiungo” nimelikataa, maana kila kiungo ni kiungo. Mwenye neno anipe, nimpelekee.