Kuandika Tanga Katika Baridi ya Berlin

Mwezi wa Desemba hapa Berlin jua huchomoza yapata saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Mchana mzima hautimizi urefu wa saa nane. Sisi tuliokulia Tanga, tuliozoea jua linalochomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hupata taabu kuizoea siku fupi namna hii. Nimekaa na majira haya muda mrefu sasa, na bado kila yanaporudi hunirudia swali lilelile: mtu anayeandika hadithi za Waswahili, kwa lugha yao, anafanya nini huku wakati wa baridi?

Ukitazama kwa juujuu, jibu ni jepesi: anakaa ndani anaandika. Naamka giza bado limetanda, nachemsha chai ya tangawizi, naketi mezani karibu na kipasha joto. Madirisha ya huku yana vioo viwili, hayapitishi kelele. Hata nikilifungua dirisha kidogo kubadilisha hewa, maana nyumba isiyopitisha hewa huota ukungu ukutani, ninachosikia ni kokoto ndogo zinazomwagwa njiani ili watu wasiteleze kwenye barafu. Wapita njia wamejifunika skafu hadi puani. Hakuna anayesimama kuulizia hali ya mwenzake, na siwalaumu, kwa kuwa baridi yenyewe hairuhusu mtu kusimama.

Ukimya huo una faida zake. Kazi ya kupanga sura, kuondoa aya isiyokuwa na kazi, kumfuata mhusika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho nione kama hajapotea njiani, naifanya vizuri zaidi miezi hii. Ni kama kupeta mchele: unahitaji mahali pametulia, na mkono usio na haraka. Lakini mchele wenyewe sharti uwe umetoka mahali. Riwaya hula maneno ya watu, na maneno ya watu hayapatikani katika chumba chenye vioo viwili.

Ninaandika habari za mjane anayepangisha vyumba Ngamiani, mjini Tanga. Katika sura moja anasimama mlangoni kwa mpangaji wake kudai kodi, wanatupiana maneno, na majirani wanasikia. Niliipenda sana sura hiyo. Siku moja nilimsimulia shangazi yangu, aliyeko Tanga, nikitaka tu kumfurahisha. Akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake anasikika muuza samaki akinadi na honi ya bodaboda, naye akiongea taratibu. “Mwanangu,” akasema, “siku hizi nani anakwenda kusimama mlangoni? Mpangaji anarusha pesa kwa simu usiku, wewe umelala. Asubuhi unaangalia, imepungua. Unampigia, hapatikani. Sasa hasira yako utaipeleka wapi?”

Niliusikiliza ujumbe ule tena na tena. Hasira isiyokuwa na mlango wa kubisha! Mjane wangu, ambaye nilimjua kwa sauti yake kubwa, sasa alikuwa ameketi kitandani alfajiri na simu mkononi, akihesabu kilichopungua, hana wa kumfokea. Nilipoiandika upya sura hiyo, nilimwona kuwa mpweke kuliko nilivyodhani, na pengine nimemwelewa zaidi. Ila sijui kama hilo limemaliza jambo. Je, riwaya inapaswa kuyakimbilia maisha kila yanapobadilika? Au nimwache mjane katika Tanga ya ujana wangu, ninayoijua kwa macho, na niseme wazi kuwa ni habari za zamani? Kuna siku naegemea huku, kuna siku naegemea kule.

Hujiliwaza kwa waandishi waliotutangulia. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifundisha kwa miaka mingi Bayreuth, hukuhuku Ujerumani, na riwaya yake Babu Alipofufuka, iliyotoka mwaka 2001, inasomeka kama kazi ya mtu ambaye sikio lake halikuondoka kwao. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana katika miaka ya 1960. Riwaya yake Paradise ilichapishwa Uingereza mwaka 1994, na ikaja kutufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kwa hiyo umbali peke yake hauui hadithi. Lakini ujasiri wa mwingine haukujazii ukurasa, na kila mmoja hana budi kutafuta namna yake ya kusikia.

Namna yangu, kwa sasa, ni shangazi. Saa za huku zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Tanga inatutangulia kwa saa mbili, na ninapomaliza kazi zangu mara nyingi yeye ameshalala. Basi ananiachia sauti yake niikute. Zamani nilitamani afike upesi kwenye kiini cha habari. Akianza na msiba wa jirani, anapitia bei ya mkaa, anamtaja binti wa fulani aliyeposwa, ndipo anarudi msibani. Sasa nampa nafasi. Nimeanza kuona kwamba zile njia za pembeni ndizo habari yenyewe, na kwamba mengi niliyoyafuta katika miswada yangu kwa kuona yanachelewesha kisa, huenda yalistahili kubaki. Huenda. Bado napima.

Kwa hiyo nina ombi kwako msomaji uliyeko nyumbani. Kama una ndugu aliye mbali, hasa anayeandika, usimtumie salamu fupi tu ya kwamba nyote ni wazima. Msimulie. Mwambie nani kagombana na nani na maneno yalikwendaje, mwambie soko lilikuwaje, na usiogope kumchosha. Huku baridi ni ndefu, na anayo nafasi ya kukusikiliza.