Askari wa Mwili
Mwili ni mji wenye askari. Saratani ni adui aliyezaliwa mjini humo, naye huwalaghai askari waweke silaha chini. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuuvunja ulaghai huo. Dawa zake ni ghali, wala hazifai kila saratani.

Lakini sisi wa Homa Bay na Migori twaijua thamani ya askari. Virusi vya Ukimwi viwauapo, saratani ya Kaposi huweza kuchipua madoa ngozini. Vidonge vya kuvizuia virusi vikinywewa bila kukosa, askari hurudi. Nami nimeona madoa hayo yakififia mguuni mwa jirani. Basi usimcheke anywaye vidonge kila siku: analinda mji wake.