Hodi Mara Kumi na Sita

Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi si wa kubishana na wahenga. Ila naamini hakuna kati yao aliyewahi kuiacha riwaya yake ndani ya kompyuta Mbagala, yeye mwenyewe akawa mapokezi ya nyumba ya wageni Morogoro, saa nane za usiku, sura mpya inamchemka kichwani, na mashine yenye sura 18 zilizotangulia imelala fofofo umbali wa kilomita 190 hivi.

Ndugu msomaji, kama nawe ni mwandishi wa kujikongoja, hali hii unaijua. Ugali uko kwingine, mswada uko kwingine. Utaniambia, si uubebe kwenye flashi? Nimeubeba sana. Matokeo yake, katika sura ya saba mzee mmoja alikufa maji ndani ya flashi na akagongwa na gari ndani ya kompyuta, mpaka mdogo wangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza, akauliza huyu mzee anazikwa mara ngapi. Simu je? Kuisoma riwaya ya kurasa 240 kwenye kioo cha simu ni kuchungulia harusi kwa tundu la ufunguo. Mimi nataka mswada ukae mahali pamoja, niufikie nilipo, kwa kompyuta ya mapokezi ambayo bosi ameniruhusu kuitumia wageni wakishalala.

Njia nyepesi ilikuwa kuiacha ile ya nyumbani iwake usiku na mchana. Tuliijaribu wiki moja. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, na hata ikikaa bure inakula wati 60 hivi. Zidisha kwa saa 24, unapata wati-saa 1,440, yaani karibu yuniti moja na nusu ya luku kila siku, na hapo hujaandika hata neno. Anayenunua luku ni Mama. Alinipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kitabu chako kinakula umeme kuliko friji."

Njia ya pili ilikuwa kumpigia mdogo wangu abonyeze swichi. Siku tatu alibonyeza. Siku ya nne, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa shuka, akasema, "Kaka, mimi nani ataniamsha asubuhi niende shule?" Yuko kidato cha nne. Basi, nikaona hapa lazima pawe na njia ya kuiamsha mashine bila kumwamsha mtu.

Kumbe njia ipo, na ina umri kunishinda. Kompyuta iliyozimwa haijafa, almuradi waya wake uko kwenye soketi. Angalia nyuma yake, pale unapochomeka waya wa mtandao. Mara nyingi utaona taa ndogo inawaka, ingawa kioo ni cheusi na feni zimenyamaza. Hiyo ni kadi ya mtandao. Imeachiwa umeme kidogo sana, nayo inasikiliza. Haisikilizi kila kitu, inangoja neno moja tu.

Neno hilo lilibuniwa na kampuni ya AMD ikishirikiana na Hewlett-Packard, likatangazwa mwaka 1995, na mwaka 1997 Intel na IBM wakaieneza teknolojia inayolitumia, iitwayo Wake-on-LAN. Waliwafikiria mafundi wa maofisi makubwa, waweze kuziamsha mashine usiku na kuzitengeneza bila kupanda ghorofa hadi ghorofa. Wenyewe waliliita pakiti ya mazingaombwe. Ukilifungua, mazingaombwe yenyewe ni haya: kwanza baiti 6 zenye FF tupu, kama mtu anayekohoa mlangoni, kisha anwani ya kadi ile, ambayo ni baiti 6 pia, ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Ujumbe wa simu wa herufi 160 unabeba zaidi ya hapo. Ni jina lako, na jina lako, na jina lako, mara 16 mfululizo. Katika kelele zote za mtandao si rahisi jina moja litajwe hivyo kwa bahati. Kadi ikilisikia inaugutua mwili mzima.

Kwetu mtu akipiga hodi anangoja karibu. Pakiti hii haingoji, wala haijibiwi. Unaitupa, unakaa, unasubiri kuona kama kuna dalili ya uhai. Yeyote aliyewahi kutuma hadithi kwa mchapaji anaujua ukimya huo.

Nilipokuwa likizo nyumbani nilijaribu. Niliingia kwenye bayosi nikairuhusu mashine iamshwe na mtandao, nikaiunga kwa waya, maana kwa Wi-Fi jambo hili aghalabu halifanyiki. Nikaizima, nikaketi sebuleni na simu mkononi, nikabonyeza. Chumbani feni zikavuma. Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nani kaiwasha?" Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama, akasema Mungu atunusuru, akarudi kwenye mchuzi wake.

Niliporudi Morogoro, noma. Kutoka nje haikuamka.

Hapo ndipo nilipoanza kumjua bawabu anayeitwa ruta. Ruta anakaa katikati ya nyumba na dunia. Kila kifaa cha ndani anakijua kwa namba yake ya humo humo, na ili ajue namba ipi ni ya kadi ipi, huuliza, "Fulani yuko wapi?" Mwenye namba hujibu. Sasa aliyelala hajibu! Baada ya dakika chache ruta humfuta kichwani. Ndiyo maana wengi hujaribu mara tu baada ya kuzima, ikakubali, wakasherehekea, na kesho yake ikagoma. Ruta humsahau aliyelala.

Utasema, basi ruta asiulize, atangaze kwa wote waliomo ndani, mwenye jina atasikia. Wazo zuri, ila lilishatiwa najisi na wahuni. Miaka ya tisini walikuwa wakituma tangazo moja kwenye mtandao wa watu wengi, wakiandika anwani ya mtu mwingine kama ndiye mtumaji, wote wakamjibu yule asiye na hatia kwa pamoja mpaka anazama. Mwaka 1999 ukatoka waraka namba 2644 wa wenye kanuni za intaneti: tangazo la namna hiyo kutoka nje, ruta alikatae, isipokuwa mwenyewe ameliruhusu. Ruta nyingi za majumbani hazikupi hata nafasi ya kuruhusu.

Na kwangu kulikuwa na ukuta mwingine kabla ya bawabu. Ruta yetu ni ya laini ya simu. Nilimwomba mdogo wangu anitajie anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wake, ikawa inaanza na 100, wakati dunia ya nje iliiona anwani nyingine kabisa. Maana yake mlango wa barabarani si wetu peke yetu. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni bilioni 4.3 hivi tu, na mafungu ya mwisho ya ghala kuu la dunia yaligawiwa mwezi Februari 2011. Mwaka uliofuata likatengwa fungu maalumu linaloanza na 100.64, ili makampuni yawapange wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye wapangaji mia na geti moja. Mgeni akifika getini akaita, "Wa chumba kile!", hakuna wa kumpeleka.

Nilikaa na jambo hili usiku mwingi. Nikaona kwamba geti hilo linawazuia wanaoingia, lakini anayetoka halimzuii. Aliye ndani akianza yeye kuzungumza, majibu yake huruhusiwa kurudi. Kwa hiyo nilichohitaji si sauti kubwa zaidi nje. Nilihitaji mtu wa ndani asiyelala.

Ndani kulikuwa na simu ya zamani ya mdogo wangu, kioo kimepasuka kama ramani ya mito. Tukaiweka kwenye chaji juu ya kabati, ikaunganishwa na Wi-Fi, ikawekewa programu ya VPN inayofungua njia ya siri kutoka ndani kwenda nje na kuishikilia. Mimi Morogoro nashika ncha nyingine. Namnong'oneza simu, nayo humo ndani inapaza sauti: FF, kisha jina, mara 16. Feni zinavuma. Nikimaliza kuandika naizima nikiwa huku huku.

Mambo mawili nakuachia kama utajaribu. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya kadi husahau kusikiliza mpaka mashine iwake tena mara moja. Kwenye bayosi kuna pa kuiamuru ijiwashe umeme urudipo. Simu ina betri yake, kwa hiyo giza halimtishi mlinzi wangu. La pili, usiuache wazi mlango wa kuitawala kompyuta yako kutoka nje kisa unataka urahisi. Pakiti ya kuamsha kwa kawaida haina ufunguo, anayelijua jina anaweza kuita. Aache aite. Asiweze kuingia.

Sisi chipukizi tukikutana, wimbo wetu ni kwamba milango imefungwa na waliomo wamelala. Pengine ni kweli. Lakini tunafikiri dawa ni kuita kwa nguvu, na mimi nimejifunza kwamba waweza kuita usiku kucha kwa jina sahihi na bado sauti yako ikaishia getini. Hadithi yangu ya kwanza haikuchapwa kwa kuwa nilipiga kelele. Kulikuwa na mhariri mmoja wa kujitolea, asiye na mshahara wala ofisi, aliyekuwa macho ndani.

Sura ya 19 imekwisha, na yule mzee sasa kafa mara moja tu. Mdogo wangu analala mpaka alfajiri. Mama kila usiku kabla ya kulala huzima swichi zote za sebuleni, moja baada ya moja, kwa ajili ya luku. Akifika kwenye ile ya kabatini, mdogo wangu ananiambia, anaifuta simu vumbi kwa ncha ya khanga, anaiacha.